Sindano ya ng'ombe inamgusa na binadamu

Masisi inajulikana kwa ng'ombe, maziwa na jibini. Jirani yake Walikale inafuga mbuzi, nguruwe na kuku. Vita vimeziumiza wilaya hizi mbili za Kivu Kaskazini: mifugo imeporwa, watu wamehama, na kumpata daktari wa mifugo ni shida. Mfugaji aliyekosa msaada hununua oksitetrasiklini sokoni, anampiga mnyama sindano mwenyewe, na akiona nafuu anaacha kabla dozi haijaisha.

Hapo hatari inaanza. Bakteria dhaifu wanakufa, walio sugu wanabaki na kuzaana. Wanamfikia mtu kupitia maziwa mabichi, nyama isiyoiva vizuri, mavi na maji machafu. Siku akiugua, dawa iliyozoeleka haimponyeshi. Mwaka 2019 bakteria sugu waliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani.

Kumlaumu mfugaji peke yake si haki: ng'ombe ndiye benki yake. Serikali, na kila anayeshika madaraka katika maeneo hayo, waache madaktari wa mifugo wafanye kazi kwa usalama, chanjo zifike vijijini, na antibiotiki zisiuzwe kama chumvi.

Mfugaji naye amalize dozi, wala asiuze maziwa kabla ya kupita siku zilizoandikwa kwenye dawa. Kuchemsha maziwa kunaua bakteria, lakini hakuondoi mabaki yote ya dawa. Mtoto anayeyanywa Goma hawezi kujua ng'ombe alichomwa sindano gani.