Filamu za nyimbo na watoto wetu

Wazazi wa Kayanga, Nkwenda hadi Murongo, mtoto akishika simu, wimbo ndio kitu cha kwanza anachoruka.

Kwangu Sarafina! ni namba moja. Ilianza jukwaani Johannesburg mwaka 1987, kazi ya Mbongeni Ngema, ikawa filamu mwaka 1992. Leleti Khumalo aliigiza Sarafina kotekote. Lakini si ya watoto wadogo: askari anachomwa moto, wanafunzi wanapigwa risasi. Wa darasa la tatu anatoshwa na The Lion King ya 1994, ambayo Simba na Rafiki anawaelewa bila kutafsiriwa. Wa sekondari aitazame Sarafina!, nawe ukae karibu, maana atakuuliza kwa nini wanafunzi wa Soweto waliandamana mwaka 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikaans.

Baba watoto wangu ni mtu wa filamu za Kihindi, zile za saa tatu. Mtafsiri akiongea juu ya wimbo, ananuna. Namuunga mkono. Mara nyingi wapendanao husema kwenye wimbo yale wasiyothubutu kusema mbele ya wazazi; ukiukata, hadithi inachechemea.

Wazee wetu watatucheka, kwani walikuwa na enanga: mtu mmoja na nyuzi zake akiimba kisa kizima cha mashujaa. Tatizo, mtoto asiyejua Kinyambo husikia nyuzi tu. Babu akija Jumapili, mwekeeni rekodi hata ya simu, asimamishe kila baada ya ubeti, aeleze.