Arusi Iliyo Ndani ya Diski

Mwezi uliopita nilikuwa Kakamega kwa dada yangu, aliyeolewa huko mwaka wa 2009. Jioni moja ya mvua, wanawe waliomba waonyeshwe arusi ya mama yao. Mashine ya kuchezea DVD ilikwisha kuharibika zamani, na kipakatalishi cha kijana wake mkubwa, kama vingi vya siku hizi, hakina mahali pa kutia diski. Dada akasema, “Msijali, ninayo katika simu.” Alikuwa ameipeleka diski kwenye duka moja la kompyuta, akaahidiwa kuwa arusi nzima itabanwa mpaka itoshe kwenye simu.

Tukaitazama. Ilipofika pale marehemu nyanya yetu anapomshika bibi arusi mkono na kumpa wasia, uso wake ulikuwa umegeuka vipande vya mraba kama vigae vya sakafu, na sauti yake ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Dada akaizima simu. “Huyu si yeye,” akasema.

Kulikuwa na jambo la pili lililonikaa moyoni. Diski ile ina usiku wa kupamba, ambapo sisi sote tuko bila buibui, miongoni mwa wanawake wenzetu. Kijana wa duka alisema amekwisha kuifuta nakala iliyobaki kwake, na huenda ni kweli. Lakini hatuna njia ya kuhakikisha. Kwa sababu hizi mbili naona heri kila nyumba ijue kuifanya kazi hii yenyewe. Si kazi ngumu, na diski yenyewe, alhamdulillahi, dada hakuitupa.

Kwanza tufahamu kilichoharibika. Diski ya kawaida ya DVD huchukua gigabaiti 4.7. Kwa arusi ya saa mbili, hizo ni kama kilobiti 5,200 za habari kwa kila sekunde. Faili alilopewa dada lilikuwa na megabaiti 180 tu kwa saa hizo mbili, yaani kilobiti 200 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Sehemu moja tu kati ya ishirini na sita ndiyo iliyobaki. Mitindo mipya ya kubana picha ni stadi kuliko ule wa DVD, lakini hakuna ustadi unaoweza kufidia pengo la namna hiyo. Na kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi tena. Ndiyo maana hatukujaribu kulitengeneza faili la simu, tukarudi kwenye diski.

Tuliazima kifaa cha kusomea diski kinachochomekwa kwa waya wa USB. Tuliifuta diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni kwa mistari iliyonyooka, wala si kwa kuzungusha. Kisha, kabla ya kubana chochote, tulinakili folda nzima iitwayo VIDEO_TS na kuiweka katika kompyuta kama ilivyo. Msiruke hatua hii. Diski zilizochomwa dukani hutumia tabaka la rangi linalochakaa kwa jua, joto na unyevu, na hakuna ajuaye itasomeka hadi lini.

Kwa kubana tulitumia HandBrake, programu isiyo na malipo. Ukiifungulia folda ile, itakuuliza mambo mengi. Yenye uzito ni manne.

La kwanza ni ukubwa wa picha. DVD za kwetu zina pikseli 720 kwa 576. Chagua mpangilio wenye 576, wala usishawishike kuchagua 1080. Programu haiwezi kubuni nakshi za leso ambazo kamera haikuzinasa. Utapata faili kubwa zaidi lenye picha ile ile. Angalia pia umbo la picha, watu wasitokee wamenyooshwa wakawa wembamba au wamepanuliwa wakawa wanene.

La pili ni ubora, nao hupimwa kwa namba iitwayo RF. Hapa wengi hukosea, kwa maana namba ndogo ndiyo yenye ubora mkubwa. Kwa picha za DVD, kati ya 18 na 22 hufaa. Sisi tulichagua 20. Ukishuka hatua sita hivi, faili hukaribia kuwa maradufu. Njia hii haikuambii mapema faili litakuwa na ukubwa gani, kwa sababu hutoa biti nyingi pale zinapohitajika, kama kwenye ngoma na nguo za kumeta, na chache pale watu wametulia. Ukilazimika kupata ukubwa maalumu, basi taja kilobiti kwa sekunde na upige hesabu: kilobiti 1,500 hutoa kama megabaiti 675 kwa saa moja, sauti bado.

La tatu ni mistari. Picha nyingi za kamera za zamani zilirekodiwa kwa mistari ya kupishana, na katika kompyuta mkono unaopunga huonekana una meno kama kitana. Hakikisha kichujio cha kuondoa hali hiyo kimewashwa.

La nne ni sauti. Watu hubana sauti ili kupunguza faili, nayo ni hasara isiyo na faida. Kilobiti 160 kwa sekunde hazizidi megabaiti 72 kwa saa. Kwa kiasi hicho kidogo utasikia wasia wa nyanya kama ulivyotamkwa.

Usianze na arusi nzima. Chagua dakika moja ya vurugu na dakika moja yenye mwanga hafifu, ubane hizo tu, kisha uzitazame kwenye televisheni wala si kwenye simu, maana kioo kidogo huficha kasoro. Zikikuridhisha, endelea. Kompyuta ya zamani huweza kuchukua saa kadhaa. Iache ifanye kazi nawe uendelee na shughuli zako.

Faili letu lilitoka na gigabaiti moja na nusu hivi. Folda ya asili tuliiweka katika diski kuu mbili, moja Kakamega na nyingine nimekuja nayo Mombasa. Ukitumia flashi, jua kwamba zile zilizopangwa kwa mtindo wa FAT32 hazipokei faili linalozidi gigabaiti 4. Na usiitegemee flashi peke yake kwa miaka mingi.

Nakala ya simu nayo ina nafasi yake, ila tuliikata: wasia wa nyanya peke yake, dakika sita, tukautuma kwa ndugu kupitia WhatsApp kama waraka, ili usibanwe tena njiani. Usiku wa kupamba hatukuutuma kwa mtu. Faili dogo ni jepesi kutumika, na kwa wepesi huo huo hufika pasipokusudiwa. Wanawake waliomo mle walikubali kupigwa picha kwa ajili ya nyumba moja, na sisi hatuna ruhusa ya kuwatangaza.

Usiku wa mwisho tuliirudia arusi kwenye televisheni. Mpwa wangu mdogo, ambaye hakumwahi nyanya, aliuliza, “Mama, mbona anafanana nawe?” Dada hakujibu. Aliirudisha nyuma kidogo, akaongeza sauti.

Tukutane wiki ijayo, inshaallah.