Filimbi ikishalia, tuelezwe

Meza ya kijiwe cha kahawa ina ufa katikati, na ufa huo ndio mstari wa goli. Mpira ni chungwa. Mzee mwenye kanzu analisukuma kidogo kidogo kwa kidole, kijana fundi simu ameinama mpaka jicho lake liko sawa na ubao wa meza, na muuza kahawa amesimama na vikombe vyake anangoja. "Hapo je?" "Bado, mzee wangu." "Na hapo?" "Bado kidogo." Jamaa aliyekaa upande wa pili anagonga meza. Kwake yeye chungwa lilishavuka zamani.

Goli wanalobishania ni la Aprili 5, 2024. Yanga walikuwa Pretoria, uwanja wa Loftus Versfeld, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika dhidi ya Mamelodi Sundowns. Mechi ya kwanza, uwanja wa Mkapa jijini Dar es Salaam, ilikuwa imekwisha bila bao. Kipindi cha pili Stephane Aziz Ki akaachia shuti, mpira ukamshinda kipa Ronwen Williams, ukagonga mtambaa panya, ukadunda chini na kurudi uwanjani. Wachezaji wa Yanga wakainua mikono juu. Mwamuzi Dahane Beida wa Mauritania hakulikubali, na chumba cha waamuzi wa video, VAR, hakikumpinga. Mechi ikaisha 0-0, Sundowns wakapita kwa penalti 3-2.

Tangu usiku ule goli lile halijapoa, na hatuoni sababu ya kuwaambia watu waliache. Sheria yenyewe ni fupi: mpira wote uwe umevuka mstari wote, chini au hewani. Mzingo wa mpira ni kati ya sentimita 68 na 70, kwa hiyo upana wake ni kama sentimita 22. Mstari hauzidi sentimita 12. Mpira ukidunda chini nyuma ya mstari, kitumbo chake bado kinaweza kuwa kinaning'inia juu ya chokaa, na hapo sheria inasema si goli. Kamera iliyokaa pembeni kidogo tu ya mwamba inadanganya, kama inavyomdanganya yule aliyekaa upande wa pili wa meza. Ndiyo maana fundi simu aliinamisha kichwa. Bila kusoma kitabu chochote cha waamuzi, alijua kwamba jicho lazima likae usawa wa mstari.

Sisi tumeitazama picha ile mara nyingi, na macho yetu yanatuambia lilikuwa goli. Lakini tunakubali kwamba tulikaa tulipokaa. Waliokuwa na kamera zaidi ni wale wa chumba cha VAR. Waliangalia picha ipi? Kulikuwa na kamera iliyolala sawa na mstari? Walimwambia nini mwamuzi sikioni? Hayo ndiyo maswali ya kijiweni, na ni maswali ya watu wenye akili. Mazungumzo yale mpaka leo hatujayasikia.

Kuna jambo lililoongeza moto, nalo halifai kupitwa kimya kimya. Rais wa shirikisho la soka Afrika, CAF, Patrice Motsepe, alikuwa mkuu wa Sundowns kabla ya kuchaguliwa mwaka 2021, na mwanawe ndiye mwenyekiti wa klabu hiyo. Hatusemi kulikuwa na njama, hatuna ushahidi huo. Tunasema hivi: pale ambapo uhusiano kama huo upo na kila mtu anaujua, wenye mamlaka wana deni kubwa zaidi la kufungua mdomo. Wakikaa kimya, shabiki atajaza mwenyewe pale palipoachwa wazi, na atajaza kwa lile baya analolidhani.

Wapo wanaosema mabishano haya ni kupoteza muda, filimbi ya mwisho imelia, twendeni mbele. Hatukubaliani nao. Juni 27, 2010, mjini Bloemfontein, shuti la Frank Lampard wa Uingereza liligonga mwamba wa juu wa lango la Ujerumani, likadunda ndani kabisa na kutoka. Dunia nzima iliona, mwamuzi na msaidizi wake hawakuona. Ujerumani wakashinda 4-1 na matokeo hayakubadilika. Lakini kelele zilikuwa kubwa hivi kwamba Sepp Blatter, aliyekuwa akiipinga teknolojia ya mstari wa goli, aliomba radhi na kugeuza msimamo, na mwaka 2012 ikaidhinishwa rasmi. Leo kwenye ligi zenye uwezo saa ya mwamuzi inatetemeka mpira ukivuka. Ingekuwa watu walinyamaza baada ya Bloemfontein, tusingefika huko. Pretoria kifaa hicho hakikuwepo, na hilo peke yake ni hoja ya kuipeleka CAF, tena kwa sauti.

Sasa turudi nyumbani, maana ndiko kunakouma zaidi. Katika Ligi Kuu yetu maneno ni yale yale kila wiki: wamebebwa, wamepewa mbeleko, refa kala bahasha. Timu ikipata penalti dakika ya 88 wapenzi wa upande wa pili hawaulizi mguu ulimgusa nani, wanauliza nani kalipwa. Tunaumia kuyasikia, lakini tunaelewa yanatoka wapi. Mwamuzi akikosea, tunasoma kwenye taarifa ya Bodi ya Ligi kwamba ameondolewa kwenye ratiba kwa mizunguko kadhaa kwa kushindwa kutafsiri sheria. Sentensi moja, pengine mbili. Tukio lilikuwaje, sheria ilitaka nini, yeye aliona nini kutoka pale aliposimama, hatuambiwi. Baada ya mizunguko hiyo anarudi, na shabiki anamtazama kama mfungwa aliyetoka jela.

Ila kuna kosa kubwa kuliko hilo, na halizungumzwi. Ni pale mwamuzi anapokuwa sahihi na nchi nzima inasema kaiba. Mchezaji yuko mbele ya mabeki, hagusi mpira, hamzibi kipa, goli linafungwa na mwenzake aliyetoka nyuma. Sheria inalikubali. Kwenye kibanda umiza watu mia wanapiga kelele kwamba kaotea, mchambuzi redioni anasema kaotea, msemaji wa klabu anasema kaotea. Refa aliyeamua vizuri anarudi nyumbani akiwa mwizi, na hakuna mkubwa wake hata mmoja anayesimama kesho yake kusema: kijana wetu alikuwa sahihi, na sababu ni hii. Anayekosea anaadhibiwa hadharani. Anayepatia anaachwa peke yake. Unategemea mtu wa namna hiyo apulize filimbi bila woga wiki ijayo, mbele ya mashabiki 60,000 kwa Mkapa?

Tulimwona mmoja wao kwenye mechi ya ndondo hapa Dar es Salaam, mwalimu wa shule ya msingi anayechezesha siku za mapumziko. Alikataa goli kwa sababu mfungaji alinawa mpira kabla ya kupiga. Sisi tulikuwa nyuma ya lango na tuliuona mkono. Mechi ilipoisha waliotaka kumpiga walikuwa wengi kuliko waliotaka kumlinda. Akapenyezwa katikati ya akina mama wauza karanga, akaingizwa kwenye bajaji akiwa bado na filimbi shingoni, na kiatu kimoja kikabaki uwanjani. Mtoto mmoja alikiokota akamkimbilia nacho. Mtu yule hakuwa na VAR, hakuwa na marudio, wala hakuwa na kamati ya kumsemea. Alikuwa na macho yake tu, nayo yaliona sawasawa.

Tumejaribu njia ya mkato. Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, iliyokwama Machi 2025 ilipochezwa hatimaye Juni 25, waamuzi waliletwa kutoka Misri, Yanga wakashinda 2-0. Tunaelewa kwa nini iliamuliwa hivyo, hali ilikuwa mbaya. Lakini ligi yenye timu 16 ina mechi 240 kwa msimu. Hatuwezi kuagiza wageni wa mechi 240, na kila tunapoagiza wa mechi moja tunawaambia waamuzi wetu, na watoto wanaotaka kuwa waamuzi, kwamba sisi wenyewe hatuwaamini.

Wengine wameweka matumaini yote kwenye VAR. Mwaka 2024 habari yake ilifika hadi kwenye hotuba ya bajeti bungeni, na tunaunga mkono ije. Tunaonya tu kwamba mashine haifuti swali. Mwaka 2019 fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kule Radès, Tunisia, ilivunjika kwa sababu Wydad walitaka goli lao lililokataliwa liangaliwe na VAR ikawa haifanyi kazi. Wakagoma kuendelea, Espérance wakapewa kombe, na kesi ikaenda mpaka mahakama ya michezo Uswisi. Pretoria VAR ilikuwepo na ilikuwa inafanya kazi, na bado tunabishana kwa chungwa.

Kilichotusaidia kuelewa jambo hili ni kisa cha Septemba 30, 2023, Tottenham na Liverpool. Luis Díaz alifunga, kibendera kikainuliwa, waliokaa kwenye VAR wakaona hakuotea. Ila walidhani goli lilikuwa limekubaliwa uwanjani, wakasema kila kitu sawa, mchezo ukaendelea bila goli. Siku chache baadaye waamuzi wa Uingereza walitoa hadharani sauti za chumba kile. Ilikuwa aibu kuzisikia. Mtu unawasikia wanagundua kosa lao, wanachanganyikiwa, na mpira umeshaanza tena. Hasira za Liverpool hazikuisha, na hazikupaswa kuisha. Lakini aliyesikiliza alisikia binadamu waliopitiwa, na madai ya njama yakakosa pa kushika. Sauti ya dakika chache ilifanya kazi ambayo taarifa kumi zenye mihuri zisingeiweza.

Shabiki naye tuna neno naye. Tunajua rushwa kwenye mpira ipo. Mwaka 2018 mwamuzi msaidizi kutoka Kenya, jirani zetu, aliondolewa kwenye kikosi cha waamuzi wa Kombe la Dunia siku chache kabla halijaanza, baada ya kunaswa na kamera ya siri ya waandishi wa Ghana akipokea dola 600. Kwa hiyo anayeshuku haoti. Ila ukiita kila kosa bahasha, siku ambayo bahasha ya kweli itatembea nani atakuamini? Mla rushwa anafurahi waamuzi wote wakiitwa wala rushwa, kwa sababu anapata pa kujificha. Mwenye ushahidi aupeleke TAKUKURU. Asiye nao abishe kuhusu mguu, mkono na mstari, kama wale wa kijiweni, maana hapo ana haki yote na hakuna wa kumnyamazisha. Na matusi kwa mama na watoto wa mwamuzi hayana nafasi, hata kama timu yetu imeonewa mchana kweupe. Tunalisema hili tukijua kwamba wapo wasomaji wetu wanaofanya hivyo.

Tunachowaomba TFF na Bodi ya Ligi ni kidogo. Kila mzunguko ukiisha, kamati ya waamuzi ichukue matukio matatu au manne yaliyobishaniwa zaidi, iyaoneshe, isome sheria inayohusika kwa Kiswahili kinachoeleweka, na iseme mwamuzi alipatia au alikosea na kwa nini. Ianze na yale aliyopatia. VAR ikija, sauti zitolewe tangu mechi ya kwanza, kabla watu hawajazoea kufichwa. Na yule anayesimama kueleza awe mtu aliyewahi kushika filimbi mwenyewe, ambaye hakwepi kutaja jina la Simba wala la Yanga.

Hakuna bajeti ya kungoja hapo. Picha Azam TV wanazo tayari, za kila mechi wanayorusha. Wastaafu wenye beji za FIFA wapo Dar es Salaam, Mwanza na Arusha, na wengi wangekuja kwa nauli tu. Dakika kumi kila Jumanne jioni zinatosha. Mzunguko ujao ukiisha tu, Jumanne ya kwanza haiko mbali.