Kabla ya kununua AC, pakeni mapaa ya Ndera rangi nyeupe

Hebu tuulizane swali rahisi. Kwa nini mwalimu wa Ndera, huko juu ya Garsen ukifuata Mto Tana, atoe watoto darasani saa saba mchana na kuwafundishia chini ya mwembe, ilhali darasa lipo, lina ukuta, lina milango, na jina la mfadhili limeandikwa pale mbele kwa herufi kubwa? Jibu liko juu ya kichwa chake. Ni mabati.

Ukiwa Nairobi au Mombasa unaweza kudhani hili ni jambo dogo. Wasee wa Nairobi hata hawajui joto, tuseme ukweli. Lakini Tana River, kuanzia Januari mpaka mvua ya masika ije, muhula wa kwanza wote unaliwa na jua. Darasa halina dari, madirisha ni madogo, wanafunzi wamebanana, na juu yao kuna bati linalochemka. Halafu mwisho wa mwaka tunashangaa matokeo ya mtihani na kulaumu walimu.

Kuna watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2020 baada ya kufuatilia matokeo ya wanafunzi takriban milioni 10. Waligundua kwamba shule isiyo na AC, mwaka wake wa masomo ukiwa na joto zaidi kwa nyuzi moja tu ya Farenhaiti, wanafunzi hupoteza karibu asilimia moja ya kile ambacho wangejifunza mwaka huo. Nyuzi moja ya Farenhaiti ni kidogo sana, hata nyuzi moja ya Selsiasi haifiki. Na hapa jirani, Sudan Kusini ilifunga shule zote Machi 2024 kwa sababu ya joto. Ilifunga tena Februari 2025. Kwa hivyo mtu asiniambie haya ni mambo ya wazungu.

Sasa, bati lenyewe. Bati jipya linang'aa, unaona kama linarudisha jua lote juu. Kweli linarudisha kiasi kikubwa, lakini lina tabia moja mbaya: joto ambalo limeingia halitoki upesi. Linakaa pale, kisha linashuka chini kwa watu. Likizeeka, likishika kutu na vumbi la barabara, linameza hata lile jua ambalo lilikuwa likirudi. Idara ya Nishati ya Marekani inasema paa la kawaida kwenye jua kali la alasiri laweza kufika nyuzi 66 za Selsiasi au zaidi, na paa linalorudisha mwanga, siku hiyo hiyo, likabaki chini yake kwa zaidi ya nyuzi 28. Kwenye 66 unakaanga yai bila jiko.

Dawa inayozungumzwa hapa si sayansi ya mwezini. Ni mpako wa majimaji, unakuja kwa ndoo, mweupe, mzito kama uji wa mgonjwa. Unapakwa kwa brashi na rola juu ya bati lile lile la zamani. Ukikauka unakuwa utando mmoja kama mpira, usio na maungio, unaonyooka bati likipanuka mchana na kujikunja bati likisinyaa usiku. Unafanya kazi mbili kwa mpigo mmoja: unaziba matundu ya mvua na unarudisha jua. Mpako mzuri ukiwa mpya unarudisha karibu asilimia 80 ya mwanga wa jua, na joto dogo linalobaki unaliachilia haraka kuliko bati tupu.

Lakini sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo miradi yetu hufia. Siri ya kazi hii iko kabla ya kufungua ndoo. Kwanza paa linaoshwa, vumbi na kinyesi cha ndege vyote vitoke. Kutu inasuguliwa kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha inapakwa praima ya kuzuia kutu. Skrubu zilizolegea zinakazwa, zile ambazo mpira wake umeoza zinabadilishwa. Mahali bati linapopanda juu ya jingine, kwenye mgongo wa paa na kila kichwa cha skrubu, unaweka kitambaa maalum cha wavu katikati ya mpako, maana hapo ndipo mvua huingilia. Halafu unapaka mkono wa kwanza, unaungoja ukauke, mkono wa pili unakwenda kinyume cha ule wa kwanza ili pasibaki mahali palipokosa. Na usipake wingu likiwa limebeba. Mvua ikikupata kabla ya mpako kukauka, pesa yako yote inatiririka uani.

Kontrakta mjanja ataruka mambo matatu: kuosha, wavu, na mkono wa pili. Kwa picha ya kufungulia mradi, paa litaonekana jeupe sawasawa. Miezi sita baadaye linaambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua. Mwingine ataleta rangi ya ukuta, ile ya sebuleni, na kuandika kwenye risiti kwamba ni ya paa. Rangi ya ukuta juu ya bati haimalizi mwaka. Ndiyo maana mambo haya lazima yaandikwe kwenye tenda, neno kwa neno: aina ya mpako, unene wake ukikauka, mikono mingapi, na dhamana ya miaka mingapi. Mkaguzi apande juu na ngazi, asikague akiwa ndani ya gari.

Mnaosema hii ni fasheni mpya, tembeeni Lamu. Wazee wetu wa pwani walijenga kwa mawe na chokaa, wakapaka nyumba nyeupe karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuandika ripoti. Kule Bermuda mapaa ni meupe ya chokaa mpaka leo, na ndiyo yanayokinga maji ya kunywa. New York ina mpango wa kupaka mapaa meupe tangu 2009. Ahmedabad, India, mji wenye joto la kuua, uliingiza mapaa meupe kwenye mpango wake wa kukabiliana na joto mwaka 2017, na jimbo la Telangana likatunga sera nzima mwaka 2023. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linakadiria kwamba nyumba isiyo na AC hupungua nyuzi 1.2 hadi 3.3 ndani wakati joto liko kileleni, na yenye AC hupunguza mahitaji ya stima ya kupoza kwa asilimia 11 hadi 27 saa zile za kilele.

Asilimia hizo ziwaguse wenye maofisi, maduka na benki za Garsen na Hola. Kila AC inayonguruma chini ya bati tupu inalipia ujinga wa paa. Lakini mimi hasa nafikiria zahanati. Friji ya chanjo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8, siku zote, usiku na mchana. Mahali stima haijafika au inapotea ovyo, friji hiyo inategemea sola na betri. Chumba kikiwa tanuri, friji inahangaika, betri inazeeka mapema, na siku moja mama anatembea kilomita zake zote na mtoto mgongoni kisha anaambiwa chanjo imeharibika. Kupoza paa la chumba kimoja cha friji ni kazi ya siku chache.

Na kuna kejeli moja inayoniuma. Mto unaopita Ndera ndio unaowasha taa za nchi hii. Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, mabwawa haya yote yako kwenye Tana. Kindaruma limekuwa likitoa stima tangu 1968. Umeme unapanda kwenda mijini, na kinachoshuka kwa watu wa chini ni maji, mara nyingine mengi kupita kiasi, kama mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024. Kwa hivyo Mnderà akiomba angalau paa lisilompika, haombi msaada. Anadai sehemu yake.

Nani alipe? Hapa ndipo mpira unapigwa huku na kule. Katiba ya 2010 iliweka zahanati na chekechea chini ya kaunti. Shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu, na madarasa mengi yamejengwa na NG-CDF. Ofisi ya chifu ni ya wizara nyingine. Kila mmoja atakuonyesha jengo la mwenzake. Basi kila mmoja aanze na lake. Kaunti ina pesa za tabianchi kupitia mpango wa FLLoCA, ambapo kamati za wadi ndizo zinazopendekeza miradi. Mara nyingi kamati huomba visima na mabwawa, sawa, maji ni uhai, lakini hakuna sheria inayokataza paa.

Tukiwa kwa maji: shule nyingi huvuna mvua kutoka kwenye paa. Mpako unaotumika lazima uwe umethibitishwa kuwa salama kwa maji ya kunywa, na mvua za kwanza baada ya kupaka zimwagwe, zisiingie tangini. Jengo lenye paa la zamani la asbesto lisiguswe kabisa na vijana wenye brashi ya waya. Vumbi lake linaharibu mapafu, na hiyo ni kazi ya wataalamu wenye leseni ya NEMA. Na tafadhali, mtu asichukue makala hii akaenda kupaka shule ya Limuru. Kule watoto wanatafuta joto.

Kuna watakaosema pandeni miti tu. Pandeni! Mwembe na mwarobaini vinashinda rangi yoyote, na vinakupa matunda na dawa juu yake. Lakini mwembe unaopandwa leo utampa kivuli mdogo wake mwanafunzi wa sasa. Huyu wa leo ana muhula wa kwanza mbele yake.

Sasa vijana, hili linatuhusu mfukoni. Sheria inataka asilimia 30 ya zabuni za serikali ziende kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Tunalia kila siku kwamba tenda zinaenda kwa wenyewe, na mara nyingi ni kweli. Ila kazi hii haihitaji trekta wala mtaji wa mamilioni. Inahitaji ngazi, mikanda ya usalama, rola, na watu wanne wenye mafunzo na nidhamu ya kutoruka mkono wa pili. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na sihitaji cheti kuona hesabu hii: kuna shule, zahanati na ofisi ngapi kati ya Garsen na Hola? Kila moja ina paa, na kila paa litahitaji kuoshwa kila mwaka kwa sababu ya vumbi na kupakwa upya baada ya miaka kadhaa. Hiyo ni ajira inayorudi. Vyuo vya ufundi vya kaunti vikiweka somo hili, vijana wa Ndera ndio watakaopanda hayo mapaa, sio kampuni iliyotoka Nairobi na lori.

Kufikia tarehe 1 Septemba kila mwaka, serikali ya kaunti lazima iwe imepeleka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka kwenye bunge lake. Mradi usiokuwa humo, baadaye utaambiwa hauna bajeti. Vikao vya maoni ya wananchi huitishwa kabla ya hapo, mara nyingi kwa tangazo dogo ambalo hakuna anayelisoma. Watu wa Garsen wenye bando, tafuteni tangazo hilo, lirusheni kwenye magrupu ya WhatsApp, kisha mwende mkaombe vitu viwili viandikwe: paa la chumba cha friji katika kila zahanati ya Ndera, na kifungu kinachosema jengo lolote jipya la umma litakabidhiwa likiwa limepakwa nyeupe juu.