Maji Yaliyomwagika Hayazoleki: Je, Ni Lazima Mchezo Usiopendeza Umalizwe?

Miongoni mwa maswali wanayoyauliza vijana wetu, na ambayo sisi walimu na wazazi aghalabu huyapuuza, ni hili: mtu amenunua mchezo wa kompyuta kwa fedha zake, ameucheza usiku kadhaa, haumpendezi, na hajafika hata nusu yake. Je, aumalize au auache?

Wapo watakaosema kwamba swali hili halistahili jibu, kwani mchezo ni mchezo tu. Kauli hiyo haina uzito kwa mwenye kujua ni saa ngapi zinazozungumziwa. Mechi ya mpira huchukua dakika 90. Michezo tunayoikusudia hapa huchukua saa 40 au 50, na mingine hupindukia saa 100. Jambo linalokula saa 50 za umri wa mtu halina budi kufikiriwa kwa makini.

Michezo ya aina gani?

Tunakusudia ile michezo ya hadithi ambayo mchezaji huchukua nafasi ya mhusika, akasafiri naye, akapigana, akaongezeka nguvu na ujuzi kidogo kidogo, hadi kisa kifike tamati. Haifanani na michezo ya mpira inayochezwa katika mabanda ya mitaani kwetu, ambako mtu hulipia muda wake kisha akampisha mwingine. Hii huchezwa nyumbani, usiku baada ya usiku, na mashine huhifadhi mahali alipofika mchezaji ili kesho aendelee kutoka hapo. Kwa sababu hiyo hakuna anayemwambia, "Ndugu, muda wako umekwisha." Ni yeye mwenyewe tu anayeweza kujiambia.

Mfano mashuhuri ni Final Fantasy XIII, mchezo wa kampuni ya Kijapani ya Square Enix, uliotoka Japani mwezi Desemba 2009 na kufika Ulaya na Marekani mwezi Machi 2010. Mwanamke aitwaye Lightning, aliyekuwa mwanajeshi, anataka kumwokoa mdogo wake, Serah, katika ulimwengu uitwao Cocoon unaoelea juu ya nchi kubwa ya Pulse. Wengi waliusifu kwa uzuri wa picha zake, muziki wake na mpangilio wa mapambano yake. Hata hivyo, waliolalamika nao hawakuwa wachache.

Malalamiko yao yalikuwa na msingi. Mchezo huo una sura 13, na katika sura 10 za mwanzo mchezaji hupitishwa, kwa sehemu kubwa, katika njia moja nyembamba: anatembea mbele, anapigana, anatazama kipande cha hadithi, kisha anatembea tena. Hakuna miji ya kuzurura wala maduka ya kuingia, kwani hata manunuzi hufanyika katika vituo vile vile vya kuhifadhi mchezo. Wahusika wa kwenda nao vitani huchaguliwa na mchezo wenyewe kwa muda mrefu. Maneno mageni yanayobeba hadithi humlazimu mtu kusoma maelezo ya pembeni ili ayafahamu. Ni katika sura ya 11, baada ya saa 20 au zaidi, ndipo uwanda mpana wa Pulse unapofunguka na mchezaji akapewa uhuru wa kwenda atakako.

Kutokana na hali hiyo ukazuka ushauri uliokuwa ukirudiwa na wapenzi wa mchezo huo kila mara: "Vumilia, baada ya saa 20 utakuwa mzuri." Ushauri huu ndio tunaotaka kuupima.

Kosa la kuhesabu kilichokwisha kupotea

Hoja ya kwanza anayojipa mwenye kusitasita ni hii: "Nimekwisha kutoa fedha na saa 15; nikiacha sasa vyote vimepotea." Wahenga walimpa na methali ya kujitetea: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Lakini tuitazame hoja hiyo kwa utulivu. Fedha ilikwisha kutoka siku ya kununua. Saa 15 zilikwisha kupita. Akiendelea hazirudi, na akiacha hazirudi. Kitu pekee kilichobaki mkononi mwake ni saa 30 na zaidi zilizo mbele. Akicheza saa mbili kila usiku, hizo ni usiku 15 na zaidi. Basi swali lake la haki si "nimetoa kiasi gani?" bali ni "usiku hizi 15 nizitumie kwa nini?" Wahenga hao hao walisema pia kwamba maji yakimwagika hayazoleki, na katika mlango huu methali hii ndiyo yenye hukumu.

Wala udhaifu huu si wa vijana wa michezo peke yao. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Ohio. Watu waliokuja kununua tiketi za msimu mzima wa maigizo waligawanywa bila wao kujua: baadhi walilipa bei kamili ya dola 15, wengine walipunguziwa dola 2, na wengine dola 7. Maigizo yalikuwa yale yale. Pamoja na hayo, katika nusu ya kwanza ya msimu, waliolipa bei kamili walihudhuria maonyesho mengi zaidi kuliko waliopunguziwa. Fedha iliyokwisha kutoka ndiyo iliyokuwa ikiwasukuma.

Na wazazi nao tuwe wakweli. Mara ngapi mzazi humwambia mwanawe, "Nimekununulia kwa bei kubwa, na sasa unasema hukipendi? Kicheze!" Mzazi huyo anadhani anafundisha kuthamini mali, kumbe anamwamuru mtoto aongeze hasara ya muda juu ya hasara ya fedha.

Subira na ukaidi

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na sisi walimu ndio tunaoibeba. Tumewafundisha watoto kwamba mwenye kuanza jambo alimalize. Tunamsifu mwanafunzi asiyekiacha kitabu katikati, na tunamkemea mwenye kugusa kila kitu bila kukamilisha chochote. Je, tukimruhusu kijana kuuacha mchezo njiani, hatubomoi tulichokijenga?

Jawabu letu ni kwamba wajibu wa kukamilisha hutokana na haki ya mtu au na manufaa yanayotarajiwa. Fundi aliyepokea malipo ya mlango anadaiwa mlango. Mwanafunzi wa sarufi huvumilia ugumu wa milango ya mwanzo kwa kuwa milango ya mwisho haifunguki bila hiyo, na matunda yake huyaona katika kila anachokisoma baadaye. Ama aliyenunua mchezo, hakumwahidi mtu yeyote kwamba ataumaliza. Hakuna anayemsubiri mwishoni mwa njia, na muuzaji amekwisha kulipwa. Subira juu ya kitu kilichokusudiwa kuburudisha, ilhali hakiburudishi, imepoteza maana yake. Hilo tunaliita ukaidi.

Ajabu iliyoje kwamba hadithi ya mchezo huo wenyewe inagusa jambo hili! Lightning na wenzake wanatiwa alama na viumbe wenye nguvu na kupewa kazi wasiyoichagua. Wakishindwa kuitimiza wanageuka mazimwi. Wakiitimiza wanageuka mawe ya fuwele. Kisa chote ni cha watu wanaokataa kumaliza kazi kwa sababu tu wamebandikwa. Basi yawaje mtu aketi mbele ya kisa hicho kwa usiku 25, akikimaliza kwa kuona kwamba hana hiari?

Isitoshe, asidhani kwamba yu peke yake. Mashine za siku hizi huweka kumbukumbu za hatua wanazofikia wachezaji, na kumbukumbu hizo huonyesha mara kwa mara kwamba sehemu kubwa ya wanunuzi hawafiki mwisho wa michezo mirefu.

Vipimo vitatu vya kuamua

Hatusemi kwamba kila mchezo unaochosha mwanzoni uachwe. Tunasema uamuzi uwe na vipimo, na hivi ndivyo tunavyovipendekeza.

Kwanza, ajiulize: kama mtu angenipa mchezo huu leo bure, ukiwa umefika hapa ulipofika, ningeuendeleza? Swali hili huondoa fedha na saa zilizopita katika mizani, likabakisha kilicho mbele.

Pili, atambue hasa ni nini kinachomchukiza, kisha aulize kama kitu hicho kitabadilika. Katika Final Fantasy XIII, aliyechoshwa na njia nyembamba lakini akayapenda mapambano ana sababu ya kufika sura ya 11, kwa kuwa njia hiyo hupanuka kweli. Lakini asiyeyapenda mapambano yenyewe na aache leo, kwani uwanda wa Pulse utampa mapambano mengi zaidi. Ama aliyebakiwa na hamu ya kujua mwisho wa kisa peke yake, anaweza kuusoma muhtasari wake kwa dakika chache badala ya saa 30.

Pengine kinachochosha ni sehemu tu. Dragon Age: Inquisition, mchezo wa kampuni ya BioWare wa mwaka 2014, una eneo la mwanzo liitwalo Hinterlands lililojaa kazi ndogo ndogo. Wengi walikwama humo wakidhani kwamba ni lazima wazikamilishe zote, hata wachezaji wazoefu wakawa wanawashauri wageni waondoke eneo hilo mapema na kuifuata hadithi. Hapo dawa ilikuwa kuacha vibarua na kubaki na safari.

Tatu, aweke kikomo kabla ya kuanza, si baada ya kuchoka. Aseme: "Nitautazama kwa jioni tano, usiponipendeza nauacha." Akiwa amevumilia kwa ajili ya ahadi ya sura ya 11, basi aipe sura hiyo jioni mbili, na ikimvunja moyo asiongeze ya tatu. Ahadi ya "mbele kidogo tu" haina mwisho, kwani kila mbele ina mbele yake.

Baada ya kuacha

Akiisha kuamua, na auache kwa moyo mweupe. Kama ni diski, aiuze au ampe mwenzake mapema, maana thamani yake hushuka. Kama aliununua kwa njia ya intaneti, kwa kawaida hauuziki, basi aufute katika mashine usimwite kila jioni. Na la muhimu kuliko yote, asianze mwingine usiku ule ule. Wapo wanaouacha mchezo mmoja kwa hoja nzuri za kuokoa muda, kisha wakaingia katika mwingine wa saa 60 kabla jua halijachomoza. Hao hawakuokoa kitu.

Wasemao kwamba haya ni mambo madogo na watambue kwamba katika madogo ndimo kijana anamojifunza makubwa. Anayeweza kuukata leo mchezo usio na faida kwake, bila kutazama nyuma kwa majuto, kesho ataweza kuikata biashara inayomfilisi, au safari aliyoianza kwa ushauri mbaya. Na asiyejua kuacha kisichodaiwa na mtu, huenda siku moja akakosa nguvu za kukimaliza kinachodaiwa.