Kabla Kakao Haijakauka

Mwezi huu tunatoka mjini kidogo. Nyie wenzangu wa Mwisenge na Musoma kwa ujumla mmezoea kuona dagaa wakianikwa, au siyo? Basi hebu piga picha kitu kingine: mbegu za kahawia zimetandazwa uani, zinanuka siki kwa mbali, na mama mwenye nyumba anazigeuza kwa mikono huku anapiga stori. Hiyo ndiyo chokoleti yako ya Valentine, kabla haijavishwa karatasi ya kung'aa.

Kwetu Mara kakao hakuna, kwa hiyo mimi na mwenzangu tulikula likizo yetu kwa kutoka Ziwa Victoria mpaka karibu na Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Siyo safari ya mchezo. Ukishafika Mbeya unateremka kupitia Tukuyu, chai na migomba kila upande, baridi inaisha na joto linakupokea. (Wenye nafasi zao wanapanda ndege mpaka Songwe.) Kakao nyingi ya Tanzania inatoka Kyela na kwa majirani zao wa Rungwe, na nyingine Morogoro, upande wa Kilombero.

Shamba lenyewe ni dogo, liko nyuma tu ya nyumba, mikakao imejificha chini ya migomba kwa sababu inapenda kivuli. Maua yake ni madogo sana na yanatoka kwenye shina lenyewe. Mpaka tunda liive ni miezi mitano hadi sita. Ukilipasua unakuta mbegu 30 mpaka 40, zimefunikwa ute mweupe, mtamu wenye uchachu. Mwenzangu aliunyonya mpaka akasahau kupiga picha.

Mimi nilidhani mbegu zinaanikwa siku hiyohiyo. Wapi! Zinavundikwa kwanza. Zinarundikwa kwenye sanduku la mbao, zinafunikwa majani ya mgomba na kuachwa zichachuke siku 5 mpaka 7, huku zikigeuzwa. Rundo linajipasha joto lenyewe, ukiingiza mkono unashtuka. Ladha ya chokoleti inaanzia humo. Kakao isiyovundikwa, hata uikaange vipi, haitoi ladha hiyo. Baada ya hapo ni jua, wiki nzima au zaidi, na Kyela ni moja ya sehemu zenye mvua nyingi sana nchini. Wingu likijikusanya kila mtu anakimbilia mikeka, mgeni naye hasazwi. Ikishakauka, kilo 10 za mbichi zinabaki kama 4 hivi, na pungufu.

Sasa hesabu mwenyewe. Kati ya kuvuna na kupeleka sokoni kuna kama wiki mbili, na ada ya shule haijui kusubiri. Hapo ndipo anapoingia mtu wa njemke. Anapita kimya kimya, ananunua kakao ikiwa mbichi, au anaacha pesa hata kabla ya kuvuna, kwa bei ya kutupa. Wenzetu wa korosho kule kusini wana kangomba, Kagera kwenye kahawa wanaita butura. Ugonjwa ni huohuo. Njia halali ni stakabadhi ghalani: unapeleka kakao kavu kwenye ghala la chama cha msingi, inapimwa, unapewa karatasi yako, inauzwa mnadani, ndipo malipo yanakuja.

"Njemke haina risiti, mwanangu," mama aliniambia. "Ndiyo maana waume wanaipenda. Na sisi wake tunaipenda vilevile, usidhani nawasema wao tu."

Mzee wake alicheka, lakini siyo sana.

Mwaka 2024 ndio uliowafundisha watu wengi. Mavuno yaliharibika Ghana na Ivory Coast, nchi mbili zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia, na bei ikapaa. Machi mwaka huo tani moja ilivuka dola 10,000, Desemba ikapita 12,000. Kwenye minada ya Kyela kilo ilivuka shilingi 20,000. Halafu 2025 bei ikaporomoka tena. Sasa mtu aliyeuza mbichi kwa siri wakati ule, jioni anakaa mezani na mwenzake wanasikia bei mpya, anaweka wapi uso?

Wenyeji wetu wana dawa yao. Pembeni ya mlango limening'inizwa daftari la shule. Kila ndoo ya mbichi inaandikwa, avune nani avune nani, na ikikauka inapimwa na kuandikwa tena. Kilo zikipungua kuliko kawaida, kuna wa kuulizwa. Hakuna kugombana, wanafungua ukurasa tu. Kwa kweli nimeona wapenzi wenye digrii mbilimbili wasio na kitu kama hicho. Mshahara unaingia, nusu yake inaondoka na mkopo wa kausha damu ambao mwenzako hajawahi kuusikia. Hiyo nayo ni njemke, tofauti yake haina migomba.

Lakini daftari halimalizi kila kitu. Uanachama wa ushirika ni wa jina la mzee, kwa hiyo malipo yanaingia kwake. "Shamba la baba yake, akaunti yake, mgongo wangu," mama alisema huku anapepeta. Na mgongo huo una uzito hata kisheria. Mwaka 1983, kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilisema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Ila mahakamani watu huenda mambo yakishaharibika. Mama yeye anataka kujiunga na chama kwa jina lake mwenyewe, msimu ujao.

Nilimuuliza mzee anaonaje. Akakohoa, akaangalia wingu upande wa ziwa.

"Aandike kwenye daftari," akasema. "Tutalijadili."

Ukipanga kwenda na wako, anzieni ofisi ya ushirika muombe mwenyeji, msiingie shamba la watu na kamera. Mkikaribishwa, semeni "ndaga fijo", ndiyo asante sana ya Kinyakyusa. Na mkibakiwa na siku mbili, Matema na mchanga wake wa Ziwa Nyasa haiko mbali. Tukutane mwezi ujao.