TWACHANGA KWA MAZISHI, TUCHANGE NA KWA NAULI



Mwenzetu akifa, siku hiyo hiyo daftari lazunguka kazini. Huyu atoa mia, yule mia mbili, na sanduku lanunuliwa. Hiyo ni desturi njema na hatusemi iachwe. Lakini tujiulize: katika hao tuliowazika, ni wangapi tulijua kuwa pombe yawamaliza, nasi tukanyamaza? Tuliwacheka wakiyumba, tukawafichia makosa kazini, na wengine wetu tukawanunulia kikombe kingine. Pesa zetu zilifika nao hawapo tena.

Kazi ya reli si mchezo. Mkono ukitetemeka wakati wa kuunganisha mabehewa, mtu hupoteza mkono huo au maisha yake. Tena Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yampa mwajiri uwezo wa kumfukuza mara moja mtu aliyelewa saa za kazi hata akashindwa na kazi yake. Jambo likifika hapo, katibu wa tawi hana mengi ya kusema. Msaada wa Chama yafaa uje kabla ya barua.

Na msaada upo. Kuna umoja wa watu walioshindwa na pombe, uitwao Alcoholics Anonymous, yaani AA. Ulianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani. Bwana Bill Wilson, aliyeacha pombe miezi michache tu, alikuwa hotelini peke yake. Biashara yake imeharibika, na baa iko karibu. Hakuingia baa, alikwenda kwenye simu, akapigia makanisa ya mji huo akitafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Kwa njia hiyo akakutanishwa na daktari Bob Smith, na hao wawili wakawa mwanzo wa mikutano ambayo leo iko katika nchi nyingi, na Kenya imo.

Wengi huogopa mikutano hii kwa kuwa hawaijui. Hakuna kiingilio wala ada. Mtu hutaja jina lake la kwanza tu, na asiyetaka kusema hukaa akasikiliza. Sharti ni moja: awe na nia ya kuacha kunywa. Mara nyingi hukutana katika vyumba vya kanisa, lakini umoja huo si wa dhehebu lolote. Mwislamu na Mkristo hukaa benchi moja. Jamaa za walevi nao wana mikutano yao tangu mwaka 1951, iitwayo Al-Anon.

Kuna wasemao kuwa hayo ni maneno matupu. Mwaka 2020 wataalamu walilinganisha tafiti 27 za watu zaidi ya 10,000. Waliona kuwa wagonjwa walioongozwa kwa mpango kwenda AA waliacha pombe kabisa kwa kiasi kisichopungua wale waliotibiwa kwa njia nyingine, na mara nyingi wakawazidi.

Basi mbona wenzetu hawaendi? Si ukaidi peke yake. Mtu hajui mkutano uko wapi. Akijua, ni jioni, naye yuko zamu ya usiku. Akipata nafasi, nauli hana, tena aona haya kugonga mlango peke yake. Sisi tuliosoma shule za misheni twamkumbuka yule mwenye kupooza aliyeteremshwa darini mbele ya Yesu. Hakufika kwa miguu yake. Watu wanne walimbeba, na walipokuta mlango umejaa watu hawakurudi nyumbani, walipanda juu.

Kwa hivyo twataka mambo manne:

Kwanza, ofisi ya tawi itafute mahali na saa za mikutano iliyo karibu na kila stesheni kubwa, ibandike ubaoni penye orodha ya zamu, ili mtu asome bila kuulizwa. Namba 1192 ya NACADA, ambayo hupigwa bure, iandikwe hapo. Walio stesheni za mbali waambiwe kuwa iko mikutano ya kwenye simu.

Pili, wawakilishi wetu wamwombee mtu kubadilishana zamu, wala wasitangaze sababu.

Tatu, tuweke mfuko mdogo wa nauli.

Nne, mmoja wetu amsindikize mara ya kwanza. Ikiwa mkutano ni wa wenyewe tu, amngojee nje.

Tuna onyo moja. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku asiachishwe ghafula bila daktari. Aweza kushikwa na kifafa na hata kufa. Aanzie hospitali.

Na pasipo na mkutano karibu? Kwa desturi ya AA, walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe waweza kujiita kikundi. Ukumbi wa tawi hukaa mtupu jioni nyingi, na viti viko. Mwenzetu akienda kisha akaanguka tena, tusimcheke. Tumsindikize tena.

Jambo hili tutaliweka mbele ya mkutano wa tawi ujao. Njooni na mashauri, na njooni na shilingi ya kwanza ya mfuko wa nauli.

Ni sisi wenzenu katika kazi.